Mwanangu, kutotoka damu kusikutulize

Likoni, Mombasa

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma. Waniuliza ikiwa dawa ambayo daktari wa meno ataka kukutia ndani ya fizi itatosha kukuponya, na huku sigara hujaacha. Tena wasema damu hutoki ukipiga mswaki, kwa hivyo wadhani tatizo si kubwa.

Hilo la damu ndilo lililonikosesha usingizi. Nikotini hubana mishipa midogo, fizi zikaonekana ngumu, ilhali chini mfupa waliwa. Babako naye alijiona salama vivyo hivyo. Alipogutuka, magego mawili yalikuwa yacheza, na leo mkate wa mofa hauli mpaka auchovye kwenye chai.

Miaka niliyomsaidia daktari wa meno nimeziona dawa hizo zikitiwa. Kijiti cha kupimia kikiingizwa kando ya jino lenye ufizi mzima, huzama milimita 1 hadi 3. Kikizama 5 na zaidi, pana mfuko kati ya jino na ufizi, na mswaki haufiki. Kwanza hukwanguliwa ukoga mpaka kwenye mizizi. Kisha mifuko iliyobaki mirefu hutiwa dawa ya kuua vijidudu: jeli ya doksisaiklini, au chembechembe za minosaiklini, au kipande chembamba cha klorheksidini kinachoyeyuka chenyewe kwa siku 7 hadi 10. Dawa hukaa palepale penye ugonjwa, kwa nguvu ambayo kidonge hakiwezi kufikisha.

Lakini kina cha mfuko kinachopungua kwa ajili ya dawa, ukiondoa kazi ya kukwangua, mara nyingi hakitimii hata milimita 1. Na mvutaji hupona kwa shida zaidi, kwani moshi hudhoofisha kinga ya mwili papo hapo kinywani. Dawa itayeyuka kwa siku chache. Wewe wavuta kila siku.

Basi haitatosha, mwanangu. Ikubali, lakini sigara uiache, na umwambie daktari ushindwapo akusaidie. Kuna dawa za hilo pia.

Jambo moja usilisahau: ulipokuwa mdogo tetrasaiklini ilikutoa vipele mwili mzima. Doksisaiklini na minosaiklini ni za ukoo huohuo. Mwambie daktari kabla hajafungua dawa yoyote.

Siku ya kwenda nijulishe. Nitavuka na feri ya asubuhi tufuatane.

Mamako