Nabii mgeni kaniambia niache dawa: nifanyeje?

Dada yangu wa Tomondo, nimekuelewa: nabii mgeni kakwambia nyumba yako imefungwa, utoe laki tatu za ukombozi na uache dawa za presha, nawe unaogopa kumpinga Mungu.

La dawa kwanza. Usiache hata kidonge kimoja. Presha haipigi hodi. Kiharusi kinaweza kukukuta ukijiona mzima. Zikikusumbua, daktari aliyekuandikia ndiye wa kuzibadili.

Kuupima unabii si kukosa imani. 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho, na watu wa mji wa Beroya (Matendo 17:11) waliyapima kwa Maandiko hata maneno ya mtume Paulo. Mimi niliwahi kumpa mtu wa namna hiyo ada ya mwanangu, hapa hapa Unguja. Alipopanda boti ya Dar, simu yake haikupatikana tena. Siku hizi nauliza: neno lake linapatana na Maandiko? Anakubali kuulizwa mbele ya wazee wa kanisa? Na mbona lina bei? Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari aliyekuwa na ukoma (2 Wafalme 5:16), tena mtu keshapona!

Mweleze mchungaji wako kabla ya Jumapili, ufuatane na mtu. Huyo nabii usikae naye faragha, na akidai pesa kwa vitisho vya laana, nenda polisi.