Herufi tatu zilizoniaibisha kwa fundi wa vigae

Swali lenu la wiki: ni neno gani fupi la Kiingereza lililokusumbua kuliko yote? Najua wengi watataja get. Langu ni set.

Riziki yangu ni kutafsiri maelekezo ya bidhaa: rangi, gundi, majiko, mbegu. Mwaka wa kwanza nilipewa karatasi ya saruji ya kubandikia vigae. Ilisema ukishabandika uiache kwa saa 24, na kitenzi kilikuwa hicho hicho, set. Nikaandika "iache ikauke", nikaenda kumsomea mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu nione kama inaeleweka. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, saruji haikauki, inashika. Ikikauka kabla haijashika umeharibu kazi ya watu." Na ndivyo ilivyo. Saruji hugeuka jiwe kwa kuungana na maji, wala si kwa kuyapoteza, ndiyo maana mafundi humwagia zege jipya maji siku kadhaa. Nilirudi nyumbani nikafuta.

Tangu hapo nikawa naliwinda neno hili kila linapopita. Saruji hushika, lakini jeli huganda. Mtego hutegwa, mtihani hutungwa, bei hupangwa, meza huandaliwa, mfupa uliovunjika huungwa, kuku huatamishwa, nyumba hutiwa moto, na jioni jua hutua. Kwa yote hayo Mwingereza anasema set, kisha anaendelea na chai yake. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ilikihesabia kitenzi hiki maana zipatazo 430, kwa maelezo ya maneno kama 60,000. Hakuna neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko hilo. Baadaye taji likaenda kwa run: mhariri mmoja wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho miezi tisa akatoka na maana 645. Miezi tisa! Wenzake huitumia kulea mimba.

Kilichonifungua macho si kamusi, ni sarufi yetu wenyewe. Set ni sit iliyotiwa kauli ya kutendesha. Sisi tunasema kaa, kisha kalisha. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na kauli hiyo, ila alama iliyobaki leo ni irabu ya katikati iliyobadilika. Ndiyo maana wana lie na lay, kama lala na laza. Wana fall na fell, ile ya kuangusha mti. Hata drench, ambayo leo ni kulowesha chapachapa, ilianza kama kunywesha, nduguye drink. Kauli yenyewe ilikufa zamani, zikabaki jozi chache ambazo wenyewe hawajui tena kwamba ni jozi.

Basi jaribu kusoma set kama "kalisha" uone. Mfupa unakalishwa mahali pake. Kuku anakalishwa juu ya mayai, sahani mezani. Saruji imekaa, haisogei tena. Na jua? Waingereza wa kale walisema linakwenda kitini. Sisi tumelifanya mchukuzi: linatua, kama mtu atuaye mzigo. Siku nilipoliona hilo nilimwita mke wangu kutoka jikoni kumweleza. Akasikiliza, akauliza kama nimelipia umeme.

Lakini nisiwadanganye kwamba ufunguo huo unafungua kila mlango. Seti ya sofa, seti ya glasi zile zisizoguswa mpaka aje mgeni, seti za somo la hisabati: hizo ni za ukoo mwingine. Neno hilo lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini secta, wafuasi wa mtu, kule kule ilikotoka sect, yaani madhehebu. Likafika Uingereza, likakuta jirani wa sauti moja, wakachanganya mashamba, na leo kuyatenganisha si kazi ndogo. Kiswahili kilipokopa kilimchukua huyu mgeni wa Kilatini. Mwenye nyumba, kile kitenzi, alibaki nje muda mrefu mpaka simu zilipomleta. Sasa binti yangu ananiambia, "Baba, ngoja nikusetie alamu." Nikamwambia sema "nikutegeshee". Akaniuliza kama alamu ni panya. Sikuwa na jibu, nikaamshwa saa kumi na moja na alamu iliyosetiwa.

Na bado kuna maana moja inayonishinda hadi leo. Shemeji yangu alipofika Marekani aliingia mgahawani na njaa ya safari. Akaagiza supu kwanza, chakula aagize baadaye. Alipomaliza supu mhudumu akaja na kumuuliza, "All set?" Yeye akaelewa "uko tayari?", tayari kwa chakula chenyewe, akajibu ndiyo kwa furaha. Mhudumu akatabasamu, akaenda, akarudi na bili. Kumbe pale ilikuwa na maana ya "umetosheka?". Shemeji akalipa, akatoka. Anasema supu ilikuwa nzuri.