Ulizeni Mzee wa Tumba: Santana na ile alasiri ya Woodstock

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote za bendi moja, na kosa ni langu mwenyewe, toleo lililopita niliropoka nikasema Santana, bendi ya rok ya Marekani, ndio walonifanya niuze baiskeli ninunue tumba, zile ngoma ndefu za viganja, basi mkanirukia. Haya. Najibu nilizoweza, zile za matusi nimeziweka kando zikapoe.

SWALI: Salaam aleikum ami. Mie kinyozi, Kisauni. Hapa kibandani kuna mzee hunambia Santana alipanda jukwaa la Woodstock, lile tamasha la Marekani la 1969, hakuna amjuaye, akapiga dakika 45, akashuka dunia nzima yamjua. Mwengine asema porojo tupu, alikuwa ashakuwa staa zamani. Washawekeana kreti ya soda na mie ndio mwenye kushika. Nimpe nani?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Kreti igawe nusu kwa nusu, manake kila mmoja ameshika upande wake wa kweli na wote wamekosea kitu kimoja: Santana pale si mtu, ni bendi. Carlos Santana ndio mwenye jina na gitaa, sawa, lakini walipanda sita. Gregg Rolie kinanda na kuimba, David Brown besi, Michael Shrieve dramu, Michael Carabello tumba, na José Areas wa Nicaragua, wenzake walimwita Chepito, yeye alikuwa na timbale, ngoma za bati za kupigwa kwa fimbo, na tumba pia. Hesabu mwenyewe: watu sita, watatu kazi yao ni kupiga ngoma. Weka hapo nitarudi.

Sasa yule mzee wa pili. Kwao San Francisco hawa hawakuwa wageni hata kidogo. Carlos kazaliwa Mexico mwaka 1947, babake fundi wa fidla kwenye vikundi vya mariachi, akakulia Tijuana akipiga gitaa kwenye mabaa akiwa bado mtoto, halafu familia ikahamia San Francisco, huko akaosha vyombo hotelini mchana na kupiga muziki usiku. Bendi waliianzisha 1966 wakajiita Santana Blues Band. Promota mkubwa wa mji ule Bill Graham akawapenda akawaweka kwenye ukumbi wake wa Fillmore tena na tena, mpaka wakawa wanajaza ukumbi na hawana hata santuri moja dukani. Waelewa hapo? Ni kama bendi ijazayo Likoni kila Ijumaa watu wakasimama nje, lakini ukivuka feri tu ukiuliza Mwembe Tayari wakwambia hiyo bendi ya kina nani.

Na Woodstock ilikuwa ni ng'ambo ya feri hasa, bara zima katikati, huko jimbo la New York. Na hata haikuwa Woodstock yenyewe, mji wenye jina hilo uko mbali, tamasha lilifanywa Bethel kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la bwana mmoja aitwaye Max Yasgur, kuanzia tarehe 15 Agosti 1969 mpaka asubuhi ya tarehe 18. Waandalizi waliwaambia wenyeji watakuja watu elfu 50. Walikuja zaidi ya 400,000. Tikiti za siku tatu zilikuwa dola 18 ukinunua mapema lakini ua haujamalizwa kujengwa watu washafika, ikabidi watangaze bure, barabara zikaziba kabisa na wanamuziki wakawa wanaletwa kwa helikopta.

Bendi isiyokuwa na santuri iliingiaje mle? Hapa ndipo pananifurahisha mie. Waandalizi walimhitaji Bill Graham, mkongwe wa shoo, na pia walitaka bendi zake hasa Grateful Dead. Graham akasema sawa nitawasaidia, lakini mutawachukua na hawa vijana wangu. Basi. Santana waliingia kama ile nazi unayopewa na muuza samaki wa Kongowea ukinunua changu mkubwa, na kumbe nazi ndio tamu.

Jumamosi tarehe 16, alasiri, wakapandishwa. Umati haukujua ni kina nani. Walianza polepole, ukiangalia zile picha waona watu wamekaa kitako, wengine wamejilalia, halafu tumba na timbale zikaanza kuingiliana na ukaona kichwa hapa, bega pale, mpaka walipofika kile kipande cha kukaribia mwisho, Soul Sacrifice, ambacho hakina hata neno moja la kuimbwa, shamba lote limesimama. Katikati wenzake wanamwachia Shrieve peke yake na dramu, kijana wa miaka 20, sura ya mtoto wa sekondari, anaanza chini kabisa kwa sauti ya mvua ya kwenye makuti halafu anaipandisha, anaishusha tena, anaipandisha. Mie niliiona mara ya kwanza kwa kaseti ya video iliyochakaa na nilirudisha nyuma mpaka mwenye mashine akanifukuza.

Kwa hivyo yule mzee wa kwanza naye ana haki yake. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwezi uleule wa Agosti na ikapanda mpaka nambari 4 Marekani. Lakini msisahau kamera. Filamu ya tamasha lile ilitoka Machi 1970 ikachukua Oscar ya filamu za hali halisi, na mle ndani wamo Santana na kipande kile kizima cha jasho, basi watu wa mabara mengine ambao Bethel hawaijui hata kwa ramani wakawaona sinema. Bila ile filamu nadhani wangejulikana tu, ila pole pole zaidi, na pengine kijana mmoja wa Majengo angebaki na baiskeli yake.

Wewe mwenye kushika kreti, chukua soda mbili za ushuru.

SWALI: Mzee hujambo. Mie ni mama wa nyumbani, Tudor. Mume wangu ana mazoea yake na anasema hata Santana siku ile alikuwa amekula madawa na ndio maana alipiga vizuri. Hebu nijibu hili hadharani asome.

JIBU: Sijambo mamangu, na asome vizuri. Ni kweli alikuwa amekula, mwenyewe Carlos amelisimulia mara nyingi. Walifika mapema wakaambiwa zamu yao ni baadaye sana, Jerry Garcia wa Grateful Dead akampa meskalini, hii hutoka kwa mmea fulani wa jangwani, naye akapiga hesabu kwamba kufika zamu yao itakuwa imeshamtoka. Kidogo akaja mtu mbio, pandeni sasa hivi ama hampandi tena. Kwa hivyo alipanda ikiwa ndio kwanza imemshika. Lakini mbona mumeo hasemi ile nusu ya pili? Carlos asema gitaa lilikuwa likijipinda mikononi mwake kama nyoka na alikuwa akimuomba Mungu amsaidie tu asitoke kwenye sauti wala kwenye mdundo. Zile sura anazokunja kwenye filamu, watu hudhani ni utamu wa muziki, kumbe mtu anapigana na nyoka. Aliokolewa na kitu kimoja tu, nyimbo zile vidole vilikuwa vinazijua kwa miaka, na wale watano nyuma yake hawakumwacha aanguke. Mumeo ana watano wa kumshika?

SWALI: Kwa Mzee wa Tumba. Nasikia nyimbo zao nyingi ni kopi. Sasa wanatofautiana vipi na sisi tunaopigia watalii? (Mpiga besi, Bamburi)

JIBU: Kopi zilikuwepo ndio. Evil Ways iliyowapeleka kwenye kumi bora Marekani 1970 ilikuwa ishapigwa na Willie Bobo kabla yao. Oye Como Va ni ya Tito Puente, mkubwa wa muziki wa Kilatini kule New York. Black Magic Woman ni ya Peter Green wa Fleetwood Mac, Waingereza wale. Na zote mbili hizi za mwisho zimo kwenye albamu ya pili, Abraxas, ya 1970, iliyofika nambari moja. Tofauti yako na wao, ndugu yangu, ni kuwa nyie mwapiga kopi ili mgeni aseme naam ndio yenyewe, na wao walipiga ya mtu mpaka mwenyewe akija inabidi aulize hii si yangu? Ile ya Peter Green ilikuwa bluzi, hawa wakaimwagia tumba na kinanda ikawa na viungo kama pilau, ndio hiyo watu wanaijua mpaka leo. Nawe hujakatazwa.

SWALI: Ami, mie napiga tumba kwenye bendi ya hoteli Diani na mwenzangu mmoja ananambia tumba ni za Wazungu wa Amerika. Nimjibu nini?

JIBU: Mwambie aje anioshee miguu. Tumba ni za Kuba, na Kuba zilizaliwa kwa mikono ya watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, wengi wao upande wa Kongo. Halafu huo mdundo wa Kuba ukarudi Afrika kwenye santuri miaka ya 1930 na 40, Wakongo wakausikia wakasema hii mbona ni yetu, ikaja rumba, na rumba ndio ikatufikia sie huku mpaka hotelini kwako Diani. Mzunguko mzima wa bahari huo. Sasa Santana nao, ile santuri yao ndogo ya kwanza kabisa, Jingo, ni wimbo wa Babatunde Olatunji, Mnigeria alokwenda Marekani kusoma mwaka 1950 akaishia kuwafundisha Wamarekani ngoma, na 1960 akatoa albamu ya ngoma na sauti tupu iliyouzwa vibaya sana, vibaya kwa maana ya nyingi. Kwa hivyo kabla ya Woodstock hawa jamaa walikuwa tayari wanapiga ngoma ya Mwafrika, na maneno yake wakayaimba vilevile bila kutafsiri.

Na walikuja kuhiji. Tarehe 6 Machi 1971, sikukuu ya uhuru wa Ghana, palikuwa na tamasha Accra kwenye uwanja wa Black Star, usiku kucha, wamekuja akina Wilson Pickett na Ike na Tina Turner, na Santana wamo. Wengi wao walikuwa waimbaji wa soul wenye sauti za kanisani, halafu ndio hii bendi ya rok yenye Mmexico na tumba. Kwangu mie usiku ule wa Accra ni mkubwa kuliko alasiri ya Bethel, ingawa najua nitabaki peke yangu kwa hili. Bethel walipigia watu ambao ngoma ni kitu kipya kwao. Accra wawapigie watu ambao hata bibi kizee wa sokoni akisikia umekosea mkono mmoja anakugeukia? Ni sawa uje Mombasa upige chakacha mbele ya mabibi wa Mji wa Kale, chapuo ikichelewa kidogo tu utaona midomo inabinuka.

SWALI: Mbona humtaji Freddie Mercury mtoto wa Unguja? Jukwaa lile la Wembley 1985 ndio babu ya majukwaa yote!

JIBU: Zamu yake itakuja, tulia. Ila Queen, bendi yake, pale Wembley walipanda washakuwa mastaa zaidi ya miaka kumi, mie hapa naongea juu ya watu waliopanda hawajulikani.

SWALI: Waliishia wapi? Bado wako pamoja?

JIBU: Waligombana, kama bendi zote. Walipomaliza kurekodi albamu ya nne, 1972, Rolie akaondoka na mpiga gitaa wao mwengine, kijana Neal Schon, wakaenda kuunda Journey. Carlos akabaki na jina, na 1999 akaibuka tena na Supernatural akazoa Grammy nane, umri wake unapita hamsini.

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi bendi ya vijana, Changamwe, tumepewa dakika 20 kwenye tamasha, mchana, kabla ya mastaa. Wenzangu wamevunjika moyo wanasema mchana hakuna watu. Tukatae?

JIBU: Marahaba wanangu. Santana walipiga mchana! Mastaa wa Jumamosi ile walikuja usiku wa manane, wengine alfajiri, watu hoi. Chukueni hizo dakika. Msipige nyimbo kumi, pigeni tatu mnazozijua hata mkiamshwa usingizini, na msianze kwa maneno mengi ya "mko wapi Mombasa", anzeni na mdundo.

Kuna hoteli moja pwani ya kaskazini, jina silitaji, meneja aliniambia niitoe tumba jukwaani eti wageni wanakula. Nikaitoa, nikawa mpole. Wiki nzima tukapiga bila tumba na wageni wakala kimyakimya kama msibani, Jumamosi meneja mwenyewe akanifuata, mzee, kile chombo kiko wapi. Kilikuwa stoo kimelowa unyevu, ngozi imelegea, haipigiki. Kwa hivyo nyie mpiga tumba wenu aianike juani asubuhi, na aikaze kabla hamjaitwa, manake mtaitwa mapema kuliko mlivoambiwa.