Maombi ya hataza ya programu: eleza inavyofanya kazi

Kosa linalogharimu sana katika maombi ya hataza (patent) ya programu Marekani ni kueleza programu inaleta nini bila kusema inafikaje hapo.

Chukua sentensi hii: "Moduli ya uchambuzi hubaini muamala wenye shaka." Hilo ni jina la kisanduku tu. Iandike hivi: programu huchukua miamala 30 ya mwisho ya mteja na kupata wastani wake, muamala mpya ukizidi wastani huo mara 5, husimamishwa hadi mteja athibitishe kwa namba ya siri. Kisha sema mteja mwenye miamala 4 tu anashughulikiwaje, maana hapo ndipo utaratibu huu hukwama.

Kifungu cha 112(a) cha sheria ya hataza ya Marekani kina masharti mawili ambayo watu huyachanganya. Maelezo yaonyeshe kwamba uvumbuzi tayari unao mkononi, na yamwezeshe mjuzi wa fani kuuunda bila majaribio ya kupita kiasi. Ukijitetea kwamba programa yeyote mzuri angeiandika, umegusa sharti la pili tu.

Upana wa madai, yaani sentensi zinazotaja unachotaka kilindwe, nao una bei yake. Katika kesi ya LizardTech ya 2005, maelezo yalitoa njia moja ya kubana picha bila kuacha alama za maungio, lakini dai lilitaka njia zote. Dai likaanguka. Ukitaka eneo pana, eleza njia mbili tatu zinazotofautiana kweli.

Angalia pia neno "moduli" ndani ya madai. Tangu kesi ya Williamson ya 2015, linaweza kuhesabiwa kama dai la kazi bila umbo, yaani linalotaja kazi inayofanywa bila kusema kitu gani kinaifanya. Hapo mahakama hutafuta algorithimu (hatua za kufanya kazi hiyo) kwenye maelezo, na isipoikuta dai hufa.

Kwa programu zinazojifunza, taja data za kuingiza, lebo (majibu sahihi yaliyowekwa kwenye data hizo) zimetoka wapi, na mafunzo yalivyofanywa. Ulaya, uamuzi T 161/18 wa bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ulikataa maombi ya mtandao wa neva (aina ya programu inayojifunza) kwa sababu hayakusema ni data zipi zinafaa kuufundishia.

Kabla ya kuwasilisha, mpe maelezo, bila madai, programa ambaye hajaona msimbo wako. Mwambie aandike hatua zote kwa karatasi na kalamu. Kila swali atakalokuuliza ni pengo. Lizibe siku hiyohiyo, kwa kuwa maombi yakishapokelewa huruhusiwi kuingiza jambo jipya. Maombi ya muda (provisional) ya miezi 12, yanayokushikia tarehe kabla ya maombi kamili, hayakuokoi: kitu ulichokiongeza mwezi wa 11 hakipati tarehe ya mwanzo.