Maswali na Majibu: Mwacheni Mendoza wa Watu

Barua za besiboli zimerundikana, na karibu zote zinamwandama mtu mmoja: Mario Mendoza, mchezaji besiboli wa zamani, Mmexico wa Chihuahua. Haya, tuzimalize.

Huo "mstari wa Mendoza" ndio nini?

Ni wastani wa upigaji wa 0.200: kupata pigo salama, yaani kuupiga mpira na kufika besi bila kutolewa, mara mbili katika zamu kumi. Ukishuka chini ya hapo, anza kufungasha. Hili nimeshalijibu, jamani.

Kwa hiyo yeye mwenyewe alimaliza na 0.200?

Hapana. Alipata mapigo 287 katika zamu 1,337, yaani 0.215. Yuko juu ya mstari wake mwenyewe. Kabla ya kumcheka mtu, piga hesabu.

Mtu asiyejua kupiga alidumuje misimu tisa ligi kuu ya Marekani?

Hapa ndipo mnaponiudhi. Beki mnamuuliza mabao? Mendoza alikuwa shotistopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na huko kwao walimwita Manos de Seda, Mikono ya Hariri. Hebu tazama kazi yenyewe: mpira unakuja chinichini, unadundadunda kwenye udongo, unakimbilia pengo upande wa besi ya tatu. Anaufuata mbio, anaunasa kwa glavu mkono umepita mbele ya mwili, anakita mguu wa kulia na kuutupa hadi upande wa pili wa uwanja. Aliyeupiga ana mita 27 tu za kukimbia hadi besi ya kwanza, sekunde nne na ushei. Ukiudondosha mara moja, umechelewa. Kwa mikono hiyo Pittsburgh Pirates walimtumia kuanzia 1974 hadi 1978, kisha Seattle Mariners, kisha Texas Rangers hadi 1982.

Mwaka 1979 Mariners walimchezesha mechi 148, akapata mapigo 74 katika zamu 373: 0.198. Lingeongezeka moja tu, hata la kubahatisha, angefika 0.201. Na nyie makocha wa watoto mnaopanga timu kwa kuangalia gongo peke yake, siku mpira utakapowapita walinzi wenu katikati ya miguu, msiniandikie.

Nani alimpachika jina hilo?

Wenzake wa Seattle. Tom Paciorek na Bruce Bochte walimtania George Brett, mpigaji wa timu ya Kansas City, aliyeanza msimu wa 1980 kwa kusuasua, kwamba asipoangalia atazama chini ya mstari wa Mendoza. Brett akalichukua neno, likamfikia Chris Berman, mtangazaji wa kituo cha michezo cha ESPN, na televisheni ikalisambaza. Brett alimaliza mwaka huo na 0.390. Mendoza mwenyewe alipiga 0.245, wastani wake bora kuliko wa mwaka mwingine wowote katika ligi kuu, lakini hilo hakuna aliyelitangaza. Utani ukishaingia televisheni, mwenyewe hana tena pa kukatia rufaa.

Mexico nao wanamcheka?

Wamemwingiza kwenye ukumbi wao wa magwiji wa besiboli, mwaka 2000.

Kati yake na Fernando Valenzuela, nani mkali?

Valenzuela, Mmexico mwenzake, alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Wiki ijayo mtaniuliza nani mkali kati ya kipa na refa.