Maswali Yenu: Kulala Kizimkazi

Barua nyingi wiki hii ni za Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Nimechagua zinazofaa kila anayepanga kwenda.

Tuko wanne, tunatoka Tabata. Tuchukue hoteli au nyumba ya kijijini?

Nyumba. Ulizeni chandarua, tangi la maji na mtu wa kukupikieni. Mama mwenye nyumba akijua mapema kuwa mnakuja, atakwenda mwenyewe alfajiri diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na mchana mtakula changu aliyetoka baharini siku ile ile. Lakini kabla ya kutuma arbuni, mpigieni sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, mumuulize kama nyumba hiyo ipo na ni ya nani. Watu wanatuma pesa kwa kuona picha ya kitanda tu, kisha wanafika na mabegi wanazunguka kijiji kizima.

Je, nyumba za huko zipo karibu na bahari?

Swali hili linaletwa kila mwezi, na kila mwezi ninajibu hivi: uliza maji yatakuwepo saa ngapi. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Ukiwa Jambiani au Paje, vijiji vya pwani ya mashariki, saa hizo utawakuta kina mama wapo kwenye mashamba ya mwani, na wewe wa kuogelea utatembea sana kabla maji hayajakufika kiunoni. Tazama mwezi kwanza, ndipo uchague tarehe.

Nahodha anaweza kutuhakikishia kuogelea na pomboo?

Hawezi, na akikuhakikishieni, tafuteni mwingine. Zamani wavuvi wa hapa waliwavua pomboo wawe chambo cha papa. Wageni walipoanza kuja miaka ya tisini, pomboo hai akawa na faida kuliko chambo, na Ghuba ya Menai, bahari hii ya Kizimkazi, ikawekwa chini ya hifadhi mwaka 1997. Sasa tunawachosha wale wale tuliowaokoa.

Asubuhi moja nilihesabu mashua 14 zikimzunguka pomboo mama mmoja na mtoto wake. Kila alipochomoza kuvuta pumzi, mashine zilinguruma upya na watu wakajitupa majini mbele yake. Mtoto alikuwa amejibana ubavuni mwa mama, hamwachi hata kidogo. Wakazama, hawakuonekana tena, na abiria wakarudi wananung'unika kuwa hawakupata picha.

Kwa hiyo pataneni na nahodha mkiwa bado nchi kavu: azime mashine mbali, asiwakate pomboo mbele, na mkikuta mashua tatu zimeshatangulia, mgeuze mashua. Kisha mlipeni bei kamili hata mkirudi bila kuona kitu. Anawakimbiza pomboo kwa kuwa anaogopa mtamkata pesa. Kosa hilo ni letu sisi abiria kabla ya kuwa lake.

Msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani unaruhusiwa kuingia?

Ndiyo, nje ya nyakati za sala, baada ya kumwomba anayeutunza. Vueni viatu, vaeni nguo za kusitiri. Kandokando ya mihrabu kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na mwaka wake ni 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini jiwe lile lisogelee ulitazame vizuri, herufi zake zimesukwa kama ukili. Humo watu wanasali mpaka leo. Usimpige picha mtu anayetawadha, wala usipite madukani na nguo za kuogelea. Watu wa Kizimkazi ni wapole, hawatakwambia neno, na hilo lisikufanye udhani wameridhia.

Tukija Agosti tutapata nafasi?

Siku za Tamasha la Kizimkazi nyumba hujaa, wekeni mapema. Na kusi bado linavuma, kwa hiyo safari ya mashua iwe asubuhi.

Daladala ipi?

Namba 326. Ulizia la mwisho kurudi mjini kabla hujashuka.