Kotmiri ya balkoni kutoa maua mapema

Pole dada. Kotmiri yako kutoa maua kabla hujachuma hata mafungu mawili si kosa la mbolea, ni joto. Hapa Dar, hasa Desemba hadi Machi, balkoni inayotazama magharibi kama yako hupigwa na jua kali la alasiri yote, na ukuta unaendelea kutoa joto hadi usiku. Kotmiri ikizidiwa na joto hukimbilia kuzaa mbegu. Isogeze pamoja na chungu chake mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa nne hivi, halafu kivuli.

Na tafadhali usihamishe miche. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja, ukiuvuruga mmea hudumaa au hutoa maua haraka. Panda mbegu palepale zitakapokulia, kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 20 hivi, iliyotobolewa chini. Zile punje za giligilani za dukani, ambazo ndizo mbegu za kotmiri, huota, mradi hazijakaangwa na hazijakaa mno. Zisugue kwa chupa zipasuke, maana kila punje ina mbegu mbili ndani, kisha ziloweke usiku mmoja. Siku 7 hadi 14 utaona kijani. Panda kidogo kila baada ya wiki 2, usizimalize zote siku moja.

Pale penye jua kali weka mrehani na mchaichai, vinapapenda. Nanaa chomeka tu kitawi cha sokoni kwenye glasi ya maji mpaka kitoe mizizi, ila ipe chungu chake peke yake; hutambaa na kuwameza wenzake.